Kaunta za Bamburi, Madarasa ya Muhimbili

Bamburi, barabara ya Malindi

Kati ya Bombolulu na Mtwapa, ukiwa ndani ya matatu, hukai sana kabla ya kuona msalaba mwingine wa kijani. Kemisti ziko Mtambo, ziko Mwisho, ziko vichochoroni Kiembeni na njia ya Utange, zimebanana na vinyozi, vibanda vya Mpesa na wauza viazi karai. Wateja wake ni wafanyakazi wa hoteli za ufuoni, madereva wa tuktuk, vibarua wa mjengo, na mabibi wanaotuma wajukuu na kipande cha karatasi. Wengi hawapiti hospitali kwanza. Wakishikwa na kichwa, tumbo au kifua, kaunta ndiyo zahanati yao, na aliyesimama nyuma yake huitwa daktari, awe amesoma miaka mitano au hakusoma kabisa.

Nimekuwa nikitembea Afrika Mashariki kutazama jinsi wafamasia wanavyofundwa, na kila nilikofika nimepima mambo kwa kipimo cha hapa. Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.2 kwa sensa ya 2019, na bara ya Kisauni ni miongoni mwa sehemu zake zenye watu wengi. Ukitaka kujua kama shahada ya famasia imezaa matunda, usiulize mkuu wa kitivo. Simama kando ya kaunta ya Mtambo baada ya swala ya Magharibi, usikilize.

Nilisimama. Mama mmoja aliyejitanda leso aliweka noti ya hamsini juu ya kioo.

"Daktari, nipe rangi mbili za hamsini."

"Za nani, mama?"

"Za kijana wangu. Kifua kinambana."

"Ana umri gani?"

"Miaka tisa."

"Homa anayo? Makohozi je?"

"Homa hana. Usiku ndio humbana, kifua kikalia kama filimbi. Mchana hucheza mpira."

Kijana wa kaunta alirudisha ile noti taratibu. Akamweleza kwamba rangi mbili ni dawa ya kuua vijidudu, na kifua kinacholia usiku bila homa huenda kikawa pumu, ambayo dawa hiyo haiigusi. Akamwandikia karatasi ya kwenda kituo cha afya asubuhi, na kumwambia dalili ambazo akiziona usiku huo asingoje kuche: mtoto kushindwa kumaliza sentensi, mbavu kuingia ndani akivuta pumzi, midomo kubadilika rangi.

"Duka la pili wangenipa," mama akanung'unika.

"Wangekupa, mama. Na usiku kingembana vile vile."

Duka halikuuza kitu, na mafunzo yote ya famasia yalikuwa katika mazungumzo yale. Kijana alijua dawa, alijua maswali, na alikuwa na ubavu wa kuikataa hamsini. Baadaye aliniambia ana diploma ya miaka mitatu, na kwamba kuuliza hakujifunza darasani. Alijifunza dirishani, katika hospitali ya mafunzo, mkufunzi akiwa amesimama nyuma yake akimkoholea kila aliporuka swali.

Makadara, kisiwani

Kuvuka Daraja la Nyali kuingia kisiwani ni kwenda mahali vijana kama yule wanakoanzia. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wazee bado wanaiita Makadara, inapokea wagonjwa wa rufaa kutoka pwani nzima, na jirani yake kuna kampasi ya Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC. Chuo hicho kilianza Nairobi mwaka 1927 na leo kina kampasi kila pembe ya Kenya. Diploma yake ya famasia ndiyo inayotoa wateknolojia wa dawa, wale ambao kila mtu anawaita pharmtech.

Juu ya diploma kuna shahada. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha famasia mwaka 1974, na kwa miaka mingi kilikuwa peke yake nchini. Sasa kuna Kenyatta, Jomo Kenyatta, Mount Kenya kule Thika, Kabarak karibu na Nakuru, na vingine. Shahada ni miaka 5. Mwanafunzi huanza na mwili wa binadamu na kemia yake, akaingia katika kemia ya dawa, utengenezaji wa dawa, utendaji wa dawa mwilini na dawa zitokanazo na mimea, kisha akapelekwa wodini. Akihitimu anatumikia mwaka mmoja kama mwanagenzi, halafu anakabiliana na Bodi ya Famasia na Sumu kabla ya kusajiliwa. Bodi hiyo ina mizizi katika sheria ya 1957.

Kwa hiyo sheria ya Kenya inatambua watu wa aina mbili: mfamasia na mteknolojia wa dawa. Chini yao hakuna mwingine. Lakini mtaani kuna wa tatu, ambaye sheria haimjui na kila mteja anamjua. Ni binamu wa mwenye duka, au msichana aliyemaliza kidato cha nne akafunzwa bei na rafu. Mwenye cheti anapokwenda kula au kulala, huyu ndiye anayebaki. Kila baada ya muda wakaguzi wa Bodi hupita na polisi, maduka yasiyo na leseni hufungwa na watu hukamatwa. Msako ukipoa, milango hufunguka, maana maradhi hayakungoja leseni.

Muhimbili, Dar es Salaam

Mwaka ule ule wa 1974 Dar es Salaam nayo ilianza kufundisha wafamasia, ndani ya Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Muhimbili. Taasisi hiyo imebadilika jina mara kadhaa, na tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Miji miwili ya bahari na bara ilianza safari pamoja, ikafuata njia mbili.

Tanzania shahada ni miaka 4, na mwaka wa vitendo unaofuata unamfanya mhitimu kuwa mfamasia mtarajali. Anayesimamia taaluma ni Baraza la Famasi, na anayesimamia dawa zenyewe ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kenya kazi zote mbili ziko mikononi mwa Bodi moja. Mwanafunzi wa Dar kwa hiyo anakua akijua kwamba kuna anayemkagua yeye na kuna anayekagua kopo lake, na kwamba hao ni watu tofauti.

Jingine lililonivutia Muhimbili ni mimea. Katika mwaka huo huo wa 1974 kilianzishwa pale kitengo cha utafiti wa tiba asili, ambacho sasa ni taasisi kamili. Mombasa nako somo hili lingepata pa kushika. Mteja wa Bamburi akija na maumivu ya tumbo, huenda ameshakunywa mwarobaini tangu Jumatatu, na habasoda asubuhi na jioni. Mfamasia asiyeuliza hilo anapiga hesabu nusu. Aliyefunzwa vizuri huuliza bila dharau, kwa sababu mteja akionja dharau mara moja tu, hatasema tena.

Kuna somo dogo la vitendo ambalo ni lile lile Nairobi na Dar, na ukilitazama utajua kwa nini miaka haiwezi kupunguzwa ovyo. Ni kuchanganya dawa ya maji ya mtoto. Chupa ya amoksilini huja na unga. Kwanza unaigonga chupa ili unga uachie kitako. Unatia maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu ya kipimo, unatikisa mpaka donge lipotee. Unaacha povu lishuke, ndipo unaongeza maji mpaka kwenye alama. Anayejaza mpaka alama kwa mkupuo mmoja hudanganywa na povu, na mtoto hunywa dawa nzito kupita kipimo. Kisha unamwonyesha mama kipimo cha mililita 5 kwa kijiko cha dawa chenyewe, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Unamwambia atikise kila mara kabla ya kunywesha, aiweke pa baridi, na amalize siku zote hata mtoto akichangamka siku ya pili. Mwisho unamwomba akurudishie maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ya kwanza kurukwa foleni ikirefuka.

Songea, Ruvuma

Kama kuna mahali pa kumpeleka kila anayepanga mafunzo ya famasia Kenya, ni Ruvuma. Zamani vijiji vya Tanzania vilihudumiwa na maduka ya dawa baridi, yaliyoruhusiwa kuuza dawa za kupunguza maumivu na mfano wake tu. Uhalisia ulikuwa mwingine: viuavijasumu viliuzwa chini ya meza, na wauzaji wengi hawakuwa wamefunzwa kazi ile.

Mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya Tanzania, ikishirikiana na shirika la Management Sciences for Health, ilianza mkoani humo jaribio la maduka ya dawa muhimu. Badala ya kumfukuza muuzaji, walimweka darasani. Mafunzo ni ya wiki chache: kutambua dalili za hatari, kupima dozi, kutunza dawa, kuandika kumbukumbu, kuongea na mgonjwa, na kujua pa kuishia na kumpeleka mtu hospitali. Akifaulu anapewa cheti. Duka lake linapata ukaguzi, alama ya kutambulika, na orodha fupi ya dawa za cheti anazoruhusiwa kuuza, zikiwemo baadhi ya viuavijasumu na dawa mseto ya malaria. Mpango ulienea nchi nzima, na Uganda nayo ikaanzisha wa aina hiyo.

Lipo pingamizi, na lina uzito. Ukimpa mtu wa wiki chache ruhusa ya kuuza viuavijasumu, huenda unaongeza usugu wa vijidudu. Pia unaweza kumpa mwenye duka kisingizio cha kuajiri wa bei nafuu na kumwacha mwenye diploma akizunguka na bahasha ya vyeti. Wateknolojia wa dawa niliozungumza nao Kisauni walisema hayo kwa ukali, na wana haki. Jirani yao ana duka lisilo na cheti hata kimoja na bado analipa kodi ya nyumba kwa wakati.

Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya kijiji kisicho na mfamasia kwa kilomita nyingi na Mtambo, ambapo msalaba wa kijani unaonekana ukiwa msalaba mwingine wa kijani. Bamburi haihitaji duka la Songea kama lilivyo. Wazo lililoko chini yake ndilo la kuchukua: yeyote anayegusa dawa na kumpa mgonjwa, sharti awe amefundishwa na mtu anayejulikana, na jina lake liwe kwenye daftari la mtu fulani.

Eldoret, mwendo wa kinyume

Songea inashusha mafunzo hadi kwa muuzaji. Marekani imekwenda kinyume. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 anayetaka kuingia taaluma hiyo kule lazima apate shahada ya udaktari wa famasia, PharmD, inayochukua miaka 6 hivi, na mwaka wa mwisho wote ni wa hospitali na maduka. Huko mfamasia ameondolewa katika kuhesabu tembe na kuwekwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Ili kuuona mtindo huo si lazima uvuke bahari. Chuo Kikuu cha Purdue cha Indiana kimekuwa kikileta wanafunzi wake wa famasia katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na huko hutembea wodini pamoja na wanafunzi na wanagenzi wa Kenya. Mmarekani anajifunza kutibu bila vipimo na dawa alizozoea. Mkenya anajifunza kitu ambacho mfumo wetu umechelewa kukilea: kumwambia daktari bingwa, mbele ya wote, kwamba dozi hii ni kubwa kwa figo za mgonjwa huyu. Kwa kijana aliyelelewa kuwanyamazia wakubwa, hilo ni gumu kuliko kemia.

Ubavu ule ule wa wodini ndio unaotakiwa kaunta ya Mtambo mbele ya noti ya hamsini. Tofauti ni kwamba wa wodini anao wenzake wanaomsikia, na wa Mtambo yuko peke yake na mwenye duka anayehesabu mauzo ya siku.

Kisauni, dirisha la methadoni

Kuna kazi moja ambayo pwani inamfundisha mfamasia kuliko chuo chochote cha bara. Heroini, unga kwa lugha ya mtaani, imekaa Mombasa kwa miongo. Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni Februari 2011, ya kwanza katika Afrika bara kusini mwa Sahara kuendeshwa na serikali kwa ukubwa huo. Kenya ilifuata Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha huduma ikaja Pwani. Kisauni nako kuna kliniki yake.

Kazi ni hii. Mtu anakuja kila siku. Anatambuliwa, anapimiwa dawa ya maji kwa mililita zake, anainywa palepale mbele ya mtoa dawa, kisha anasemeshwa neno mbili tatu ili ihakikishwe kuwa amemeza. Kipimo hupandishwa polepole, maana methadoni hukaa mwilini muda mrefu, na anayeongeza kwa pupa anaweza kumzimisha mtu pumzi. Mgonjwa akianza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, ini huanza kuifyeka methadoni haraka, na kipimo kilichomtosha wiki iliyopita hakimtoshi tena. Atarudi dirishani akitetemeka, jasho likimtoka, akisema ana arosto. Asiyejua mwingiliano huo atadhani amerudia unga na atamkemea. Anayejua atapiga simu kwa daktari.

Mwanafunzi wa Thika au Nairobi anaweza kuyasoma hayo kitabuni akapata alama zote. Akikaa Kisauni wiki chache atajifunza pia jinsi ya kumsalimia mtu ambaye mtaa mzima umeacha kumsalimia.

Mwezi wa Ramadhani

Somo jingine la pwani lina kalenda yake. Ikifika Ramadhani, dozi ya mara tatu kwa siku haina pa kukaa. Kati ya futari na daku kuna saa kumi hivi, na dawa ya kila saa nane haipati nafasi ya tatu. Mfamasia wa Bamburi anayejua kazi yake humpigia aliyeandika cheti na kuuliza kama kuna dawa ya mara moja au mara mbili inayofanya kazi ileile. Kwa mwenye kisukari huuliza ni dawa gani anayotumia, kwa sababu nyingine zinaweza kushusha sukari ya mwenye kufunga kabla ya Adhuhuri. Kwa dawa mseto ya malaria hakuna ujanja: tembe 24 za mtu mzima zina mpangilio, nne sasa, nne baada ya saa nane, kisha nne asubuhi na nne jioni kwa siku mbili, pamoja na chakula chenye mafuta. Mgonjwa huambiwa ale, na dini yenyewe imempa ruhusa ya kulipa baadaye.

Unguja na Dar watu wanalijua hili kama wanavyolijua Kisauni. Ni elimu inayopita mdomoni, mkubwa kwa mdogo, kila mwaka Shaabani inapokwisha. Ingestahili kipindi kizima cha darasa na mtihani juu yake.

Mwaka wa uanagenzi

Daraja kati ya chuo na kaunta ni mwaka wa uanagenzi, na Kenya daraja hilo limetikisika. Machi 2024 chama cha KMPDU, chenye madaktari, wafamasia na madaktari wa meno, kiligoma kwa siku 56. Mzozo mkubwa ulikuwa wanagenzi. Mkataba wa 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, na serikali ikataka kuwalipa 70,000. Wahitimu walikuwa wamekaa nyumbani wakingoja kupangiwa hospitali, na bila mwaka huo hawawezi kusajiliwa.

Fikiria maana yake huku Bamburi. Kijana amesoma miaka 5, anazijua figo na ini kwa majina yao yote, na sheria inamkataza kusimama kaunta kwa sababu hajapata pa kufanyia uanagenzi. Mtaa huo huo, usiku huo huo, binamu wa mwenye duka anauza rangi mbili za hamsini.

Nikiyaweka madaftari haya pamoja, mapendekezo yangu kwa Mombasa ni matatu. Wanagenzi wapangiwe kwa wakati na walipwe walichoahidiwa, maana mwaka huo ndio unaomgeuza mhitimu kuwa mfamasia. Wanafunzi wa shahada waletwe Kisauni kwa muda unaohesabiwa katika alama zao, wakae katika kliniki ya methadoni na katika kemisti zenye leseni, chini ya wafamasia na wateknolojia wanaolipwa kwa kuwafundisha. Na yule wa tatu, ambaye sheria haimjui, apewe kozi fupi yenye jina, cheti na mipaka: asiuze kiuavijasumu, auze panadoli na chumvi ya kuharisha, ajue dalili za hatari, na awe na namba ya mfamasia wa kumpigia simu hata usiku wa manane.

Pendekezo la tatu litawaudhi watu wa taaluma, na mimi nawaelewa. Lakini msako wa polisi umefanywa miaka nenda miaka rudi, na hakuna msako uliowahi kumfundisha mtu kumuuliza mama umri wa mtoto wake.